Mkaki Unaozaa Upande Mmoja

Otsu, kando ya ziwa. Mwaka wa tisa wa enzi ya Bunka, mwezi wa nane, siku ya tatu. Mwaka wa ishirini na moja tangu nitoke kwetu.

Mdogo wangu Kiwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Denzaemon, na mpwa wangu Seinosuke ambaye bado namjua kwa kalamu yako tu. Mimi sijambo, ila kikohozi hunijia kila ukungu wa ziwa unapopanda, nacho tumeshazoeana. Paa nililitengeneza kabla ya mvua. Sakichi muuza dawa amefika na barua yako, na sasa hivi amekaa kizingitini anatafuna tango la chumvi na kunihimiza: "Mzee, andika upesi. Theluji ikinikamata kwenye milima ya kwenu nitauza dawa kwa dubu."

Umeniambia kwamba Mama bado ananiwekea sinia. Nimelisoma fungu hilo mara nyingi. Kila asubuhi wali wa moto, supu na figili, mbele ya mto wangu wa kukalia katika chumba cha nyuma. Kisha anafunua kifuniko cha bakuli. Akiona matone ya mvuke chini yake, anasema Kyuma mzima huko aliko, na anakwenda zake kufagia. Na wakati huohuo, chumba cha mbele, kibao chenye jina langu la umauti kinafukiziwa ubani mbele ya wageni, kwa kuwa kwa Bwana Mkuu na maofisa wake mimi nilikufa kwa homa mwaka uleule niliotoroka. Nilicheka, Kiwa. Kisha chakula cha jioni kilinishinda.

Habari ya huku ni ndogo, lakini sina mwingine wa kumwambia. Mchapaji mmoja wa Kyoto amekusanya beti za washairi wa kando ya ziwa, na ameweka mmoja wangu, wa ule mti wetu wa matunda ya kaki, chini ya jina langu la huku, Kareashi. Nakuandikia:

Mkaki wa upande mmoja—
ubani kwa jina langu,
na wali wa moto pia.

Wanafunzi wangu wanaona ni mzaha mzuri. Sikuwaeleza kitu. Naambiwa kitabu kimefika mpaka Edo. Nilifurahi, siwezi kukuficha. Mtu aliyeacha kila kitu kwa ajili ya mistari mitatu mitatu hupenda kuona angalau mitatu imechapwa.

Msalimie Mama, ila usitaje kikohozi. Ukimaliza kusoma, choma.

Kaka yako,
Kyuma


Nyumbani. Mwezi wa kumi, siku ya ishirini.

Kaka Kyuma,

Shikamoo. Sisi wazima. Magoti ya Denzaemon yanamsumbua akipanda ngazi za ngome, ila hasemi, anapumua tu kwa nguvu. Seinosuke amekuwa mrefu kuliko mlango wa jikoni. Kila siku anajigonga, kila siku anaulaumu mlango. Mwezi wa pili ujao ilikuwa aitwe mbele ya Bwana Mkuu, apewe kazi ya baba yake, ile iliyokuwa yako, ya kukagua mavuno. Vazi lake la siku hiyo nimelishona mpaka mabega. Likumbuke vazi hilo unaposoma yanayofuata.

Juzijuzi alikuja Usami Tanomo. Humsahau: mlishika upanga pamoja, mkajifunza beti kwa mwalimu mmoja, na alikuwa akikuibia maandazi. Sasa ni mkaguzi wa maofisa wa jimbo zima, na hakuna anayemwibia mtu kitu tena. Alisimama chini ya mkaki wetu, mikono ndani ya mikono ya nguo.

"Bwana Denzaemon, mti huu bado unazaa upande mmoja tu?"

"Upande mmoja tu, Mheshimiwa. Radi haikuacha kitu upande wa pili."

"Mti wa ajabu. Nimeusikia mpaka Edo."

Hapo akausoma ubeti wako. Wote, polepole. Denzaemon hajui beti. Alisema "Mzuri sana," kama anavyosema akionjeshwa pombe. Mimi nilikuwa namimina chai, nami ndiye niliyeelewa. Kaka, mkaki wa namna hiyo uko mmoja katika jimbo hili, na watoto wa mji mzima wanauita kwa jina la nyumba yetu. Na ni marehemu gani atakayeandika kwamba anafukiziwa ubani na kupikiwa wali?

Usami akaomba kuufukizia ubani mwenyewe ule ukumbusho wako. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kibao chako, na moshi ndiyo kwanza unapanda, ndipo Mama akaingia na sinia mikononi.

"Pisheni, pisheni. Supu inapoa, na Kyuma hapendi supu baridi."

Unajua Mama alikuwa akijua siri kama sisi, na ameilinda miaka yote. Lakini siku hizi uzee umemwachia sinia, siri umeichukua. Usami aliinama mpaka kwenye mkeka.

"Shikamoo, Mama. Kyuma anakula wapi siku hizi?"

"Hapahapa. Anadonoa kama ndege, ila anakula. Tazama mwenyewe."

Akafunua kifuniko. Matone yalikuwa mengi, yakamdondokea Usami gotini.

"Kwa marehemu," Usami akasema, "anapumua vizuri."

Nikasema, "Mheshimiwa, tusamehe. Ni uzee. Amechanganyikiwa."

"Nani amechanganyikiwa?" Mama akanigeukia. "Mimi au wewe unayemfukizia ubani mtu mzima aliye hai?"

Usami alikunywa chai yake yote bila haraka. Mlangoni, akifunga viatu, alisema kwamba masika atakuwa na shughuli Kyoto, na kwa kuwa anapenda beti, atapita Otsu kumsalimu huyo Kareashi. Mpaka atakaporudi, jambo la Seinosuke lingoje.

Sheria unaijua kuliko mimi. Denzaemon na mimi tuliapa mbele ya wazee wa ngome kwamba tuliuosha mwili wako kwa mikono yetu. Ikijulikana kwamba tulichokizika ni shungi la nywele ulilotuachia juu ya sanduku la nyuzi la Mama, nyumba yetu ya Numaguchi itafutwa, Denzaemon ataamriwa ajipasue tumbo, na mwanangu hatakuwa mtoto wa mtu.

Sikuulizi kwa nini uliandika. Nakuuliza utafanya nini.

Mama anaendelea. Sinia tumeliondoa.

Kiwa


Otsu. Mwezi wa kumi na moja, siku ya nane.

Mdogo wangu Kiwa,

Marahaba, ingawa siistahili. Barua yako imenifikia asubuhi, na theluji ya kwanza imelala juu ya ukingo wa ziwa. Nawaombea afya. Magoti ya shemeji myakande kwa maji ya tangawizi, yamfae.

Nilikwenda Kyoto kwa miguu, nikamwomba mchapaji auondoe ubeti wangu. Alinitazama kana kwamba naomba mvua irudi mbinguni. Vitabu vimeshasambaa. "Mzee," akaniambia, "wenzako wananisihi niwaweke, wewe unanisihi nikutoe. Umegombana na mkaki?"

Sina cha kujitetea. Nililitazama lile sinia kwa macho yako, kutoka mbali hivi, na badala ya kuona hatari niliona mistari mitatu. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikiona mtu anazama, nadhani ningeangalia kwanza rangi ya maji.

Kwa hiyo nimeamua. Theluji ikiyeyuka nitarudi. Nitajisalimisha kwenye lango la mpaka kabla Usami hajaondoka. Nitasema niliwadanganya hata ninyi. Kwamba mlipewa maiti ya mtu mwingine, uso umeharibika kwa ugonjwa, nanyi mkaamini. Wanichukue mimi. Nimeishi miaka ya kutosha kwa gharama ya wengine. Na pengine, kabla ya kunifunga, watanipa ruhusa ya kukaa mara moja mbele ya Mama, nile kile alichonipikia, kikiwa bado moto.

Niambie, sinia mmeliondoa vipi? Mama alisema nini? Je, kifuniko bado kina matone?

Nangoja neno lako, kisha nafunga viatu.

Kyuma


Nyumbani. Mwaka wa kumi wa Bunka, mwezi wa kwanza, siku ya kumi na moja.

Kaka,

Shikamoo. Mwaka mpya umetukuta wazima. Keki za mchele tulitwanga kidogo tu. Barua hii inaletwa na mtawa wa hekalu letu anayekwenda Kyoto. Hakuiuliza ina nini, nami sikumwambia.

Usirudi.

Nimeandika neno hilo peke yake ili lisikupotee katikati ya mengine. Maiti ya mtu mwingine! Nani atakayeamini kwamba dada hakujua mkono wa kaka yake? Niliapa kwamba nilikukata kucha. Ukitokea langoni na nywele zako nyeupe, hutakuwa umetuokoa. Utakuwa umekuja kutia saini kifo chetu kwa mkono wako mwenyewe, halafu utalia.

Nakujua. Ulipokuwa mdogo, Mama alinisimulia, ulikuwa ukivunja bakuli la mtu kisha unalia kwa uchungu hivi kwamba mwenye bakuli ndiye anayekubembeleza. Hujaacha. Unataka kurudi kwa ajili yetu, au kwa ajili ya hilo donge lililokukaa kooni? Kama ni donge, limeze. Sisi tumemeza ya kwetu miaka yote hii, na hakuna aliyetuchapa kitabuni.

Na jambo jingine, maana leo nimeshaanza. Mtawa ananiambia huko Otsu wanasema Kareashi alikuwa ofisa aliyeacha cheo kwa kuwaonea huruma wakulima mwaka wa njaa. Nani aliwaambia hivyo? Uliondoka mwaka wa mavuno mema, Kaka. Mpunga ulikuwa umelala kwa uzito. Uliondoka kwa sababu mwalimu wako wa beti alipita hapa, akakaa, akaondoka, nawe hukuweza kumwona akiondoka bila wewe. Hilo sikulaumu sana. Lakini usilivike nguo ya watu wengine.

Kazi yako ni moja. Usami atakapofika, usiwe wewe.

Kuhusu Mama usiulize. Mama nimemtunza mimi, na nitamtunza mimi.

Kiwa


Otsu. Mwezi wa tatu, siku ya ishirini na sita.

Mdogo wangu Kiwa,

Salamu zangu kwako na kwa wote wa nyumbani. Maua ya cheri yamekwisha pukutika, na maji ya ziwa yamejaa. Sikurudi, kama unavyoona. Ulikuwa na haki kwa kila neno, hata lile la wakulima. Sikuwaambia hivyo watu wa hapa, ila waliponidhania hivyo nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa na ladha tamu.

Usami amekuja na kuondoka. Nakueleza kwa utaratibu.

Alikuja bila mavazi ya cheo, na mtumishi mmoja. Ilikuwa siku ya mkutano wetu wa beti, na chumbani kwangu walikuwepo Kisuke muuza mchele, mke wa mpika tofu, na wengine wawili wa sokoni. Amenenepa. Ana kovu lilelile juu ya jicho, la upanga wangu wa mti. Nilimkaribisha kwa lafudhi ya hapa, ile nzito ya wapika soya, kwa kuwa nilishawaandaa wote kusema mimi ni mtoto wa mpika soya. Sehemu yake ni kweli: nimewahi kukoroga mapipa yao ya mchuzi wa soya misimu mitatu nilipokuwa sina chakula.

Kwa desturi mgeni hutoa ubeti wa kufungua, na mwenyeji humjibu kwa mistari miwili. Usami alitazama nje, akasema bila hata kufikiri, maana aliufikiria njia nzima:

Theluji ya mwisho—
nani anaisikia ikianguka
kutoka tawi lililokufa?

Kiwa, nilikuwa sijasikia ubeti mzuri namna hiyo tangu ujana wetu. Na jibu lilinijia palepale, limekamilika, kama mtu anayefungua mlango kabla hujabisha hodi:

upande wenye majani
ndio unaotikisika.

Nakuandikia wewe tu. Nililimeza. Nikajikuna kichwa, nikahesabu kwa vidole kama anayeanza kujifunza, nikasema kwa sauti ya sokoni:

bei ya soya imepanda,
karibuni mle tofu.

Mke wa mpika tofu alicheka kwa adabu. Kisuke, ambaye nimemfundisha tangu nywele zake zikiwa nyeusi, aliangalia mkeka. Usami aliyaandika maneno yale taratibu, kwa mwandiko wake mzuri, kana kwamba yanastahili wino.

"Mzee Kareashi," akasema, "aliyeandika huu ndiye aliyeandika ule wa mkaki?"

"Mheshimiwa, mkaki wenyewe sijauona. Msafiri mmoja alinipa kisa hicho. Huko kaskazini kuna mama mzee aliyepagawa kwa msiba, anampikia wali mwanawe aliyekwisha kufa. Nikaona kinafaa. Nikajifanya ndiye marehemu."

"Yaani umeiba msiba wa watu ukaufanya ubeti."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na ukanunuliwa."

Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Usami alisogeza kikombe chake, nikachukua birika nimwongezee. Mkono ukiwa umeshaanza kumimina, akasema, bila kunitazama usoni, akiutazama mkono:

"Yule mama alifariki mwezi wa kumi na moja. Alikataa kula."

Chai iliingia kikombeni. Haikumwagika. Nilijaza mpaka panapotakiwa, nikaliweka birika chini, nikasema, "Poleni sana huko kwenu, Mheshimiwa."

Nilimpa mgeni pole ya kifo cha mama yangu mwenyewe, kwa lafudhi ya mpika soya.

"Asante," akajibu. "Nitawafikishia jamaa zake."

Basi pokea, Kiwa. Pole hiyo ni yangu.

Hata barua yako ya mwezi wa kwanza iliandikwa Mama akiwa ameshazikwa. Nimeirudia. Sioni uongo ndani yake. "Nimemtunza mimi, na nitamtunza mimi." Kaburi pia hutunzwa. Sikulaumu: ungenieleza, nisingekusikia uliposema usirudi.

Kisuke haji tena, wala wengine wawili: waliamini kwamba niliiba msiba wa watu. Mke wa mpika tofu huja, maana yeye anasema jibu langu lilimtangazia biashara.

Sijui kama nilifaulu. Niambie alichosema alipofika huko. Na niambie Mama alikwendaje, usinifiche safari hii.

Kyuma


Nyumbani. Mwezi wa sita, siku ya tano.

Kaka Kyuma,

Shikamoo. Pole tumeipokea. Usami aliileta mwenyewe. Alikaa palepale alipokaa mara ya kwanza, akamwambia Denzaemon: "Nimemwona huyo Kareashi. Ni mpika soya, mtunzi hafifu, tena mwizi wa visa vya watu. Anawapeni pole." Denzaemon akasema "Mzuri sana," kwa mazoea, kisha akatoka nje akasimama nyuma ya ghala mpaka machozi yakaisha.

Seinosuke ameitwa. Vazi lilimkaa vizuri, ila kichwa kiligonga boriti ya lango la ngome mbele ya walinzi. Ameshapokea kazi. Msimu huu ataanza kuzunguka mashambani kuangalia masuke, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nyumba imepona.

Sasa Mama. Uliniomba nisifiche.

Siku ileile Usami alipoondoka, nilichukua sinia, bakuli na kifuniko chake, nikaviweka juu ya kabati, na mto wako nikaukunja. Asubuhi Mama alikaa mbele ya mahali patupu. Hakupiga kelele. Alisema, "Kama Kyuma hali, nami sili." Tulidhani ni hasira za siku mbili. Denzaemon alimwomba kwa magoti yake yale mabovu. Mtumishi wetu Tome alimchemshia uji wa wali na plamu. Mwishowe Seinosuke alivaa nguo yako ya zamani, akaja akakaa pale, akasema, "Mama, mimi Kyuma nimerudi. Tule." Mama akamtazama, akasema, "Kyuma hakuwa na masikio makubwa hivyo," akampapasa shavu, akageukia ukuta.

Ningeweza kulirudisha sinia. Kila asubuhi nilinyanyua mkono mpaka kabatini. Kila asubuhi nilisikia viatu njiani nikadhani ni watu wa Usami. Alikwenda theluji ilipofunga barabara. Wewe uliandika, mimi niliondoa. Nilikuwa nikikutupia yote wewe ili yangu isionekane. Tugawane.

Na sasa nakuomba kinyume cha nilichokuomba. Njoo. Mwezi wa kumi na moja Mama atatimiza mwaka tangu afariki. Kareashi sasa ni mpika soya asiye na thamani kwa mtu. Nani atamtazama langoni? Sakichi amekubali kukupitisha kama mbebaji wa dawa zake. Anasema, "Nitamfunika kofia kubwa ya nyasi, awe uyoga." Kaburi la Mama liko chini ya mwerezi, na la kwako liko kando yake, shungi lako limelala humo. Uje uone tulivyokupanga. Nitakupikia mimi. Safari hii sikutishi, Kaka. Nakuomba.

Mdogo wako,
Kiwa


Otsu. Mwezi wa tisa, siku ya kumi na nne. Mwaka wa ishirini na mbili tangu nitoke kwetu.

Mdogo wangu Kiwa,

Marahaba. Kwa mara ya kwanza naipokea salamu yako bila kuona aibu yote, kwa kuwa sasa aibu tunayo wawili, na kama usemavyo, tumegawana. Ya kwako naona ni ndogo kuliko unavyoipima. Lakini sitakubembeleza sana. Najua nawe utanirudishia hilohilo kuhusu ya kwangu, na tutashinda tukipokezana bakuli lililovunjika.

Mpe Seinosuke hongera. Mwambie masuke ya mpunga yaangaliwe asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, na ayachukue katikati ya shamba. Ya ukingoni hudanganya. Usimwambie nani kasema.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafunga safari. Ndiyo. Sakichi alikuja na ile kofia, nikaivaa, na kweli nilikuwa uyoga. Viatu vya majani nimesuka mwenyewe jozi kadhaa. Nilifika mpaka daraja la Seta, hapa mwisho wa ziwa. Pale nilikaa, nikamwambia Sakichi atangulie kuuza dawa mji wa pili na kurudi, na aliporudi alinikuta palepale.

Kuna neno sikukuandikia katika barua ile ya Usami. Nililiacha kwa sababu nilitaka kulitunza peke yangu, na pengine kwa sababu nilijua litanifungia mlango. Wengine walipokwisha kuondoka, alikuwa amekaa kizingitini akifunga viatu, mgongo amenipa. Alisema, kana kwamba anazungumza na kamba:

"Mzee Kareashi, mimi ni mkaguzi. Ndani ya jimbo letu macho haya ni ya Bwana Mkuu, si yangu. Hapa Otsu ni yangu. Usije ukanilazimisha kukuona kule."

Kisha akainuka, akaenda, hakugeuka. Mahali alipokuwa amekaa palikuwa na kifurushi cha majani. Ndani yake kulikuwa na kaki zilizokaushwa, ndogo, ngumu, za mti ninaoujua. Sikumkimbilia kumshukuru. Mpika soya asingejua za mti gani.

Kwa hiyo alinijua, Kiwa. Alinijua tangu nilipojikuna kichwa. Aliandika yale maneno ya tofu kwa uangalifu ili awe na kitu cha kuwaonyesha wakubwa wake. Anaishi sasa na kiapo kibovu kama chako na cha shemeji, naye hakuwa na kaka wa kumwokoa, alikuwa na rafiki aliyemkata juu ya jicho tu. Nikipita lile lango, hata ndani ya kofia, hata kwa siku moja, nitakuwa nimechukua tena kitu cha mtu kwa kuwa kimenipendeza. Nilikichukua cha Mama. Sitakichukua cha Usami.

Na hata kama Usami angekuwa mbali, najijua. Ningesimama mbele ya kaburi lake na langu, pamoja, chini ya mwerezi, na ningetafuta mistari mitatu. Ingekuja. Ingekuwa mizuri.

Nimeacha jina la Kareashi. Siku hizi nawaandikia barua watu wa sokoni wasiojua kuandika, na mke wa mpika tofu hunilipa kwa tofu.

Jambo la mwisho, ulijue. Nimenunua bakuli lenye kifuniko. Sinia nimeliazima. Kila asubuhi naweka wali na supu mbele ya mto mtupu, upande wa kaskazini wa chumba. Si kwa ajili ya Mama. Yeye mfukizieni ubani, ndiyo haki yake. Ni kwa ajili yako, uliye hai na uliye mbali. Supu yangu haina ladha, ungenicheka. Leo nimefunua, na matone yalikuwepo, kwa hiyo najua u mzima, na nimeenda zangu kufagia.

Mwambie Mama nilikula. Kaki zile nilizila zote, moja moja, polepole.

Sitarudi.

Kaka yako,
Kyuma